Marere ya Mwambao: Kemia, Biashara na Usalama wa Rangi ya Kuvumwani katika Karne ya 19

Miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka Unguja katikati ya karne ya 19, pamoja na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi, ilikuwapo marere. Hii ni kuvumwani ya jenasi Roccella, kiumbe kinachoundwa na kuvu na mwani wanaoishi pamoja, nayo huota penye hewa ya bahari. Wanunuzi wa Ulaya waliihitaji kwa ajili ya rangi ya zambarau. Hoja ya insha hii ni kwamba historia ya biashara hiyo haieleweki vema bila kemia yake, kwa kuwa rangi iliyonunuliwa haikuwamo ndani ya marere.

Marere yenyewe ina rangi ya kijivu. Ndani yake mna erithrini na asidi ya lekanoriki, ambazo hazina rangi. Zikivunjwavunjwa kikemikali, huzaa orsinoli, kampaundi iliyotengwa na Mfaransa Robiquet mwaka 1829. Orsinoli ikikutana na amonia pamoja na oksijeni ya hewa hugeuka orseini, ambayo huwa nyekundu katika asidi na ya urujuani katika alkali. Wapiga rangi wa zamani walipata amonia hiyo kutoka kwenye mkojo uliochacha. Baadaye, kati ya miaka ya 1950 na 1960, Hans Musso alidhihirisha kwamba orseini si kampaundi moja bali ni mchanganyiko wa kadhaa.

Kwa hiyo thamani kubwa ilizaliwa kiwandani, si ufukweni. Hata hivyo, mgawanyo huo haukuwa sharti la maumbile. Mwaka 1848 John Stenhouse alipendekeza kuvumwani ilowekwe katika maziwa ya chokaa palepale inapoota, kisha maji yake yatiwe asidi ili viini vya rangi vigande, vichujwe na kukaushwa. Gharama ya kusafirisha mzigo ingepungua mno. Chokaa haikuwa ngeni mwambaoni: ilichomwa kutokana na matumbawe na kujengea nyumba za mawe. Pamoja na hayo, marere iliendelea kuuzwa ikiwa ghafi.

Kuhusu usalama, asili ya kitu si dhamana. Orsinoli huwasha ngozi na macho, na mvuke wa amonia hudhuru njia ya hewa. Hatari hizo ziliwaangukia zaidi waliosimamia mapipa kuliko waliovaa vitambaa. Rangi yenyewe ilikuwa na udhaifu mwingine, nao ni kupauka juani. Viwanda vya Lyon vilitengeneza aina imara zaidi mwishoni mwa miaka ya 1850, lakini tayari mwaka 1856 William Perkin alikuwa amegundua rangi ya zambarau itokanayo na lami ya makaa ya mawe. Rangi za viwandani za aina hiyo hatimaye ziliiondoa marere sokoni.

Leo orseini hutumika maabarani kutia rangi kromosomu na nyuzi za elastini. Kwa mtafiti wa uchumi wa mwambao, funzo ni hili: orodha za forodha hutaja uzito na bei ya kilichopakiwa, lakini hazisemi kilichokuwa kikingoja kufanyika ndani yake. Kipimo hicho cha pili ndicho kinachoonesha kiasi cha thamani ambacho pwani iliuza bila kulipwa.