Agano Jipya na Damu ya Mwaka 1964

Katika kitabu cha nabii Yeremia tunasoma jambo la kushangaza. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzunguka muji wa Yeruzalemu, na nabii mwenyewe alikuwa kifungoni. Ndipo Mungu akamuagiza kununua shamba la ndugu yake kule Anatoti. Alilipa fedha 17, na barua ya shamba ikatiwa ndani ya chungu ili idumu. Nani atanunua shamba wakati adui yuko mulangoni? Ni yule anayesadiki kwamba Mungu hasahau agano lake. Sura moja mbele ya habari hiyo tunakuta ahadi ya agano jipya, litakaloandikwa ndani ya mioyo. Tuangalie vizuri: ahadi ile haimalizikii kwa nyumba wala kwa mavuno, inamalizikia kwa ondoleo la zambi.

Sisi watu wa Kisangani tunayo sababu ya kuyafikiri maneno hayo. Padri Gabriel Grison alianzisha misioni ya Mutakatifu Gabrieli, karibu na maporomoko ya muto Kongo, siku ya Noeli ya mwaka 1897. Mwaka 1959 Stanleyville ikapata Askofu mukubwa wake. Lakini tarehe 5 Agosti 1964 waasi walioitwa Simba walikamata muji. Wakongo wengi waliuawa, na wazungu wakafanywa mateka. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka kwa parashuti. Mateka wengi waliokoka, wengine walipigwa risasi. Na wale waliorudisha muji nao waliua watu wengi bila hukumu. Siku mbili kisha, Monsenyori Joseph Wittebols, Askofu wa Wamba, aliuawa. Shirika la Mapadri wa Moyo Mutakatifu wa Yezu lilipoteza watu 28 mwaka ule.

Kule Bafwabaka aliishi Sista Anuarite Nengapeta, wa shirika la Jamaa Takatifu. Alikuwa ameweka nadiri zake tarehe 5 Agosti 1959, miaka mitano kamili mbele ya kukamatwa kwa Stanleyville. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, kule Isiro, mukubwa mumoja wa askari waasi alitaka kumufanya muke wake. Alikataa. Alipopigwa, masista wenzake walimusikia akimusamehe muuaji wake. Basi, nadiri aliyoitoa kwa Bwana wake hakuivunja. Na musamaha, ulio moyo wa agano jipya, aliutoa kwa kinywa chake mwenyewe.

Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yoane Paulo II alimutangaza Mwenyeheri kule Kinshasa, na siku ile ile akamusamehe muuaji kwa jina la Eklezia yote. Wengine walishangaa. Lakini wauaji wa 1964 hawakutoka mbali. Wengi walizaliwa katika vijiji vyetu, na wengine walikuwa wamebatizwa. Kama ahadi ya Mungu haiwafikii hao, itatufikia namna gani sisi?

Misioni zilijengwa tena. Mwaka 1967 Monsenyori Augustin Fataki akawa Askofu mukubwa wa Kisangani, Mukongo wa kwanza katika kiti kile. Tunamushukuru Mungu. Lakini tusiseme kwamba kuta mupya na wachungaji wa nchi vimetimiza ahadi yote. Tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya muji wetu, na mamia ya raia walikufa. Mabati hurudishwa upesi, moyo huchelewa.

Basi, ninyi wakatekista, na ninyi ndugu wa seminari, munapofundisha juu ya agano, musiishie Sinai. Fikeni Isiro. Na katika kijiji ambamo jamaa mbili hazisalimiani tangu vita, anzeni pale: kupatanisha wawili ni kununua shamba la Anatoti.