Ramani ya mvua Kagera: vituo vichache vinavyogeuka kuwa rangi nchi nzima

Mkiona ile ramani ya mvua iliyopakwa rangi kila kona, buluu pwani ya ziwa, njano kuelekea Karagwe, msidhani kila palipopakwa rangi kuna mtu aliyeweka kipimo. Vituo ni vichache na vimekaa mbalimbali, kimoja uwanja wa ndege wa Bukoba, kingine Maruku kwenye utafiti wa kilimo, na kadhalika. Sasa kompyuta ili ichore inataka namba kwa kila kijimraba. Safu za vijimraba hivyo zinaitwa gridi, na kazi ya kuvijaza kutokana na vipimo vilivyotawanyika inaitwa intapolesheni.

Njia rahisi kabisa ni kila kijimraba kuchukua namba ya kituo kilicho karibu nacho. Inatoa ramani yenye vipande kama kitenge, mpaka unakatika ghafla. Njia nyingine inaunganisha vituo vitatu vitatu kuwa pembetatu, halafu namba inapanda au kushuka taratibu ndani yake. Nje ya pembetatu za mwisho hakuna kitu, panabaki peupe, na mimi naona huo ni uaminifu.

Inayotumika sana ni ya uzito kwa umbali. Aliiandika Donald Shepard mwaka 1968, akiwa bado mwanafunzi tu pale Harvard. Tuseme kijimraba chako kiko km 10 kutoka kituo chenye mm 2,000 kwa mwaka, km 20 kutoka chenye 1,400 na km 40 kutoka chenye 900 (hizi ni namba za mfano). Unagawa 1 kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe, yaani 1/100, 1/400 na 1/1600, ambayo ni sawa na uzito wa 16, 4 na 1. Zidisha, jumlisha, gawanya kwa 21, unapata kama mm 1,833. Basi, hakuna uchawi. Udhaifu wake ni viduara kama madoa ya chui kuzunguka kila kituo, na haiwezi kamwe kutoa namba kubwa kuliko kituo chenye mvua nyingi kuliko vyote. Kama kilima chenye mvua kali hakina kipimo, imekula kwake.

Ya nne ni krigingi, ina jina la Danie Krige, mhandisi wa migodi ya dhahabu Afrika Kusini aliyeandika kuhusu makadirio ya madini mwaka 1951. Mfaransa Georges Matheron ndiye aliyeipa hesabu kamili. Uzuri wake inakupa pia ramani ya pili inayoonyesha wapi makadirio ni ya mashaka. Lakini ukiwa na vituo vitano sita usihangaike nayo.

Kwa vitendo chukua QGIS, ni ya bure. Andaa faili la CSV lenye longitudo, latitudo na mvua. Hapa ndipo kasheshe inapoanza. Bukoba iko kama 31.82 na -1.33. Ukisahau ile alama ya kutoa, kituo chako kinahamia Uganda upande wa Masindi. Ukigeuza longitudo na latitudo kinatua jangwani Algeria. Na mwezi ambao haukupimwa usiandike 0, acha wazi, maana programu itaamini mvua haikunyesha na utaona shimo la ukame katikati ya migomba. Kisha badilisha ramani iwe ya mita, UTM kanda ya 36 kusini, ndipo uombe intapolesheni.

Kwetu tatizo kubwa ni ziwa. Pwani ya Bukoba inapata karibu mm 2,000 kwa mwaka, ukienda magharibi unashuka hadi chini ya 1,000 sehemu za Karagwe. Mvua hiyo inaletwa na ziwa pamoja na vilima, ila hesabu haijui ziwa wala kilima, inajua umbali tu. Itachanganya kituo cha Bukoba na cha Uganda ng'ambo ya maji kana kwamba katikati ni shamba. Kwa hiyo kata ramani kwa mpaka wa nchi kavu. Si urembo huo, mtu anaweza kuambiwa eneo lake halifai kahawa kwa sababu ya rangi iliyotoka kituo cha mbali.

Kujipima ni hivi: toa kituo kimoja, chora upya, angalia ramani inakisia ngapi pale kilipokuwa, linganisha na kipimo halisi. Rudia kwa kila kituo. Ukiona tofauti ya mm 400, basi rangi zilizopishana kwa mm 100 hazina maana yoyote.

Wasio na vituo kabisa wanaweza kupakua CHIRPS bure, gridi inayochanganya setilaiti na vituo kuanzia mwaka 1981. Kijimraba chake ni nyuzi 0.05, kama km 5.5 kila upande, kwa hiyo Kitendaguro inaweza kukaa kijimraba kimoja na kata za jirani.