Masomo ya chuo kikuu kwa masafa wilayani Rungwe

Masomo ya chuo kikuu kwa masafa ni masomo ya shahada anayoyafuata mtu akiwa kwake, huku chuo kilichomsajili kikiwa mbali: Dar es Salaam, Pretoria, London, New Delhi au kwingineko. Makala hii inaeleza utaratibu huo kama unavyomhusu mkazi wa Tukuyu na wilaya ya Rungwe kwa jumla, pamoja na Busokelo, mkoani Mbeya. Inahusu pia jirani wa Malawi anayevuka mpaka wa Kasumulu kuja kufanya kazi au kuoa huku na kutaka kuendelea na masomo. Wengi wa wanaosoma hivi ni watu wazima wenye ajira: walimu, watumishi wa afya, maofisa wa halmashauri, wachungaji, askari magereza.

Chimbuko

Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg, inajulikana kwa chai, ndizi, mvua, na kwa timu ya soka ya Tukuyu Stars iliyotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1986. Ni mji wa shule pia. Wamoraviani walifungua misheni Rungwe mwaka 1891, na hadi leo wilaya ina vyuo vya ualimu vya Tukuyu na Mpuguso. Chuo kikuu ndicho kilichokuwa mbali.

Kusoma kwa mbali kwenyewe si kugeni. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililoharakisha elimu ya msingi kwa wote, nchi ilihitaji walimu kuliko vyuo vilivyoweza kutoa. Vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa kuwa walimu hukohuko vijijini, kwa vijitabu, vipindi vya redio na masomo ya vikundi, huku tayari wakishika chaki. Hao ndio walioitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu hiyo ya msingi kwa wote. Jina hilo baadaye lilisemwa kwa dharau, na dharau hiyo haikuwa ya haki: maelfu ya watoto walijua kusoma kwa mikono yao. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo iliendesha masomo kwa njia ya posta.

Upande wa shahada, Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kuwatahini watu wasioishi chuoni, na baadaye mitihani hiyo ikaenea katika makoloni. Hata chuo kilichofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961 kilianza kwa kutoa shahada za London. Kwa hiyo shahada za mwanzo kabisa kusomewa Tanganyika zilikuwa na jina la chuo cha ng'ambo, na hakuna aliyezitilia shaka, kwa sababu waajiri walijua zimetoka wapi.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kikaanza kazi Machi 1993 chini ya Profesa Geoffrey Mmari, Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza, na kuzinduliwa rasmi Januari 1994. Kina vituo mikoani, na kwa mtu wa Rungwe kituo cha karibu ni cha Mbeya, kilomita 70 hivi kwa barabara ya lami kupitia Kiwira na Uyole. Anayepanda kosta alfajiri anawahi shughuli zake kituoni na kulala nyumbani siku hiyohiyo. Urahisi huo chuo cha nje hakiwezi kuutoa, hata kiwe na tovuti nzuri namna gani.

Utambuzi wa shahada

Jambo la kuamua mapema kuliko yote ni nani atakayeipokea shahada ikishapatikana. Nchini Tanzania, shahada ya chuo cha nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ili itambuliwe. Tume huangalia kama chuo kina ithibati katika nchi yake, kama programu yenyewe inatambulika huko, na kama mwanafunzi alikuwa na sifa za kujiunga. Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha watu. Chuo cha nje kinaweza kumpokea mtu mwenye cheti cha kidato cha nne pekee, akasoma kwa jasho lake mpaka akahitimu, kisha akaulizwa Dar es Salaam alipandaje ngazi hiyo.

Ulizo la maandishi kwa TCU, lenye jina kamili la chuo, la programu na njia ya kusoma, linapaswa kutangulia malipo yoyote. Kuwaona wahitimu wa chuo fulani wakiwa na kazi si ushahidi. Huenda walisoma darasani, au programu nyingine. Chuo kinachoahidi shahada kwa miezi michache kwa kuhesabu tu uzoefu wa kazi kiachwe bila mjadala.

Taaluma zenye bodi zina mlango wa pili. Mwenye shahada ya sheria ya nje hawi wakili kwa utambuzi wa TCU peke yake, na mhandisi ana Bodi ya Usajili wa Wahandisi mbele yake. Masomo yanayohitaji wodi na maabara, udaktari kwanza kabisa, si ya kusomea sebuleni Makandana au kwingine.

Kwa mtumishi wa umma kuna mlango wa tatu, na huu uko hapahapa wilayani. Mwalimu anayetaka shahada yake ihesabiwe katika cheo na mshahara anahitaji ruhusa ya mwajiri kabla ya kuanza, barua ikipitia kwa mkuu wa shule hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri. Wapo wanaosoma kimyakimya kwa kuogopa kunyimwa. Wakimaliza hupeleka cheti wakitarajia kubadilishiwa muundo wa utumishi, na faili halina barua hata moja inayoonyesha kuwa walikuwa masomoni.

Sifa na maombi

Sifa ya kawaida ya kuingia shahada ya kwanza Tanzania ni ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita wenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5 na E ni 1, au stashahada yenye wastani wa GPA 3.0. Programu nyingine hudai zaidi. Aliyepungukiwa anaweza kupitia programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, inayompa anayefikisha GPA 3.0 njia ya kuingia shahada. Vyuo vya nje vina viwango vyao, lakini mwenye nia ya kurudi na cheti TCU ni salama zaidi akijipima kwa kiwango cha hapa.

Aliyesoma sekondari Malawi na kupata cheti cha MSCE hupeleka kwanza matokeo yake Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, yalinganishwe. Vivyo hivyo Mtanzania anayeomba UNISA ya Afrika Kusini, chuo kilichoanza mwaka 1873 na kugeukia masafa mwaka 1946, ajue kwamba cheti chake kitalinganishwa na vya kule. Ulinganisho una ada na una foleni, kwa hiyo uanze miezi kadhaa kabla ya dirisha la maombi kufungwa.

Majina husumbua kuliko alama. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne matatu, kitambulisho cha NIDA kina herufi iliyozidi, na dada aliyeolewa anatumia jina la mumewe kazini. Mashine ya chuo cha nje haina mzee wa mtaa wa kuthibitisha kuwa ni mtu yuleyule. Hati ya kiapo kwa wakili hutosha kwa tofauti ndogo. Jina likiwa limebadilika kabisa, hati ya kubadili jina husajiliwa. Maombi yajazwe kwa jina lililo kwenye vyeti vya NECTA.

Vyuo vingi vinavyofundisha kwa Kiingereza huomba ushahidi wa lugha. Kabla ya kulipia mtihani wa IELTS, ambao kwa mtu wa Tukuyu maana yake ni safari ya kilomita 900 hivi hadi Dar es Salaam, chuo kiulizwe kama kinakubali barua ya shule au chuo inayosema masomo yalifundishwa kwa Kiingereza. Baadhi hukubali.

Ada ya vyuo vya ndani hulipwa kwa namba ya malipo, ile kontrol namba, benki au kwa simu. Ya nje hudai kadi ya benki au kadi pepe ya mtandao wa simu, na shilingi ikishuka katikati ya mwaka, ada hupanda bila chuo kuongeza hata senti. University of the People ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2009, haidai ada ya masomo ila hudai malipo ya kila somo kwa ajili ya tathmini. Neno “bure” lisomwe hadi mwisho wa ukurasa.

Saa za kusoma

Hesabu hii haifanywi na wengi. Shahada ya miaka mitatu Tanzania ina krediti 360, na krediti moja huhesabiwa saa 10 za kazi, zikiwemo za kusoma peke yako. Ndivyo ilivyo Uingereza na Afrika Kusini pia. Jumla ni saa 3,600. Anayetaka kumaliza kwa miaka mitatu anahitaji saa 23 kwa wiki, kila wiki, sikukuu na msiba ndani yake. Akienda kwa miaka sita anahitaji kama saa 12: mbili kila jioni kwa siku tano na mbili za Jumamosi. Kwa mwalimu mwenye shamba la chai Katumba na watoto nyumbani, hii ya pili ndiyo inayowezekana, na kujiandikisha nusu ya mzigo mwaka wa kwanza si uvivu. Septemba ina mtihani wa darasa la saba na Novemba wa kidato cha nne. Mwalimu asiweke masomo mazito miezi hiyo.

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua kubwa za Machi na Aprili huja na kukatika kwa umeme na mtandao kuyumba, na huo ni msimu wa kazi nyingi za muhula katika vyuo vya Uingereza. Vitabu na mihadhara vipakuliwe bando likiwa zuri, simu na kompyuta vichajiwe kila umeme unapokuwepo, na kila kazi iwe na nakala kwenye flashi. Laini mbili za mitandao tofauti ni gharama ndogo kuliko somo la kurudia.

Kikundi cha watu watatu au wanne wa programu moja huokoa wengi. Anayesoma chuo cha nje mara nyingi ni peke yake mjini, na hapo upweke humtoa chuoni mapema kuliko ugumu wa masomo. Afanye bidii kuhudhuria vikao vya mtandaoni hata visivyo vya lazima.

Kuwasilisha kazi na mitihani

Saa za mwisho za kupokea kazi huandikwa kwa saa ya chuo. Kazi inayofungwa London saa 23:59 majira ya baridi hufungwa Tukuyu saa 8:59 usiku. Majira yao ya kiangazi, saa 7:59 usiku. Ya Afrika Kusini hufungwa saa 6:59 usiku. Ya India, ambako Chuo Kikuu Huria cha Indira Gandhi kimekuwepo tangu 1985, hufungwa saa 3:29 usiku, yaani mapema, wakati mwanafunzi wa Tukuyu anadhani bado ana usiku mzima. Hapo ndipo watu wamepoteza alama.

Mtihani wa Huria hufanywa kituoni mbele ya msimamizi. Baadhi ya vyuo vya nje husimamia kwa kamera ya kompyuta, na mtandao ukikatika mtahiniwa anaweza kuhesabiwa amekiuka utaratibu. Mtihani wa namna hiyo ufanyiwe penye jenereta na mtandao wa waya, hata kama ni kulala Mbeya siku moja kabla. Tatizo likitokea, picha ya skrini na barua pepe vitumwe chuoni saa hiyohiyo.

Cheti

Cheti halisi cha chuo cha nje huja kwa kampuni ya vifurushi, na kampuni hizo hazipeleki mzigo kwenye sanduku la posta. Mhitimu wa Rungwe aandike mtaa, jengo linalojulikana na namba ya simu inayopatikana, au aelekeze mzigo ofisi ya kampuni iliyoko Mbeya akauchukue mwenyewe. TCU hutaka kuona cheti pamoja na matokeo ya kila mwaka, kwa hiyo nakala rasmi ya matokeo iombwe siku ileile ya kuomba cheti.