Sauti kutoka dirisha la gari

Julai 1976, miaka 50 iliyopita, Mbelgiji Lucien Van Impe aliingia Paris na jezi ya njano ya mshindi wa mbio za baiskeli za Tour de France. Kila kumbukumbu ya ushindi ule inapofika, jina lake ndilo linalotajwa, na ni haki yake. Linalonisikitisha ni kusahauliwa kwa aliyemlazimisha kushinda: Cyrille Guimard, mkurugenzi wa timu ya Gitane-Campagnolo, mdogo kwa Van Impe kwa miezi mitatu kamili.

Guimard, mzaliwa wa Bouguenais karibu na Nantes, naye alikuwa mwendesha baiskeli, akaponzwa na magoti. Kwenye Tour ya 1972 alimtoa jasho bingwa Eddy Merckx. Kwenye mlima wa Le Revard, Merckx aliinua mikono kushangilia mapema na Guimard akampita kwenye mstari. Siku mbili kabla ya Paris, akiwa nafasi ya pili, maumivu yalimshinda akajitoa. Merckx alimkabidhi jezi ya kijani, ile ya pointi, kwa heshima.

Mwaka 1976, akiwa na miaka 29, Guimard alihamia kwenye gari la timu. Van Impe alikuwa mfalme wa milima aliyeridhika na jezi ya madoa mekundu. Siku ya kupanda Pla d'Adet, juu ya Saint-Lary-Soulan, mshindani mwingine, Luis Ocaña, alikuwa ameshachomoka. Guimard akatuma ujumbe kupitia wachezaji wenzake: Van Impe aondoke sasa. Van Impe akasita, maana mlima wa mwisho ulikuwa bado mbali. Ndipo Guimard aliposogeza gari hadi ubavuni mwake na, kwa simulizi yake mwenyewe, akamtishia kumgonga kama haondoki. Van Impe akaondoka. Ocaña, aliyekuwa na kinyongo na Joop Zoetemelk, mpinzani wa Van Impe, akamsaidia kukata upepo bondeni. Zoetemelk alifika zaidi ya dakika tatu nyuma, na waliochelewa walikuwa wengi kiasi kwamba waandaaji walilegeza kikomo cha muda. Hesabu ile Guimard aliipiga akiwa nyuma ya usukani, na kwangu mimi ushindi ule ni wa watu wawili. Mwaka uliofuata walikuwa wameshaachana.

Kisha zikaja enzi za timu ya Renault chini ya Guimard: Bernard Hinault akashinda 1978, 1979, 1981 na 1982, Laurent Fignon 1983 na 1984. Ukijumlisha na ile ya Van Impe, ni Tour saba kati ya tisa, mkurugenzi mmoja. Hinault alipogombana naye mwaka 1983 na kuitaka Renault ichague, Renault ilibaki na Guimard. Kwenye Tour ya 1989 Fignon alishindwa kwa sekunde 8 na Greg LeMond, ambaye naye alilelewa na Guimard huyo huyo.

Mwaka 1997 Guimard alikuwa kwenye timu ya Cofidis. Mwaka 2017, akiwa na miaka 70, alipewa timu ya taifa ya Ufaransa, na miaka miwili baadaye nafasi hiyo ikaenda kwa Thomas Voeckler.