Maringa, Dansi ya Wawili Katika Makambi ya Shaba

Kabla ya rumba, miji ya Kongo ilicheza maringa. Dansi iliyoitangulia, agbaya, ilikuwa ya duara: mmoja aliingia katikati, akacheza, akampisha mwenzake. Maringa ililivunja duara hilo. Mwanamume na mwanamke walikabiliana, uzito wa mwili ukihamia mguu huu kisha ule, kiuno kikifuata. Walipigiwa likembe (ala ndogo ya vyuma vinavyochezwa kwa vidole gumba), chupa ya kugongwa, na patenge, ngoma ya fremu ambayo mpigaji huikandamiza kwa kisigino ili kubadili sauti.

Katanga, jimbo la shaba kusini mwa Kongo, ilikuwa na sababu zake za kuipokea. Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, mwanzoni ilitegemea wanaume wa mikataba mifupi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikawahimiza wafanyakazi kuishi makambini na wake zao, na dansi ya wawili ikapata watu wake. Tena waliotoka Kasai, Luapula na Ruanda-Urundi hawakuwa na ngoma moja ya asili. Maringa haikuwa mali ya kabila lolote. Ngoma ya mbeni, iliyotoka pwani ya Lamu na Mombasa, nayo ilifika huko, ila hiyo ilikuwa ya gwaride na vyeo.

Baadaye santuri za Kuba zilileta jina la rumba, na gita likachukua nafasi ya likembe. Mwaka 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gita Mwenda Jean Bosco wa Bunkeya mjini Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Katika wimbo wake "Masanga", kidole gumba na cha shahada vinapiga sauti kadhaa kwa pamoja, kwa mwendo ambao wawili wanaweza kuufuata bila haraka.

Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha yake ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Hata hivyo vijana wengi wanaijua zaidi sebene, sehemu ya kasi ambapo wawili huachana. Kuifufua maringa ni kurudi kwenye mwendo wa polepole, na hapo ndipo penye ugumu: santuri zilihifadhi sauti, hazikuhifadhi hatua. Hatua zimo miguuni mwa wazee, na waliokuwa vijana miaka ya 1950 sasa wamepita miaka 80. Wachezaji wa Likasi, na wa machimbo ya Kakanda, wawaendee sasa, na kamera zao zielekezwe miguuni.