Kumuua Optimus Prime

Optimus Prime wangu alikuwa na mkono mmoja. Mama alimtoa kwenye rundo la vichezeo vya mtumba Gikomba, akamwosha kwa sabuni ya unga, akanipa hivyo hivyo, bila boksi. Jina lake nililijua kupitia DVD ya jirani, zile za katuni ishirini kwenye diski moja. Nikadhani kwanza kulikuwa na hadithi, halafu mtu akatengeneza roboti.

Wapi! Mambo yalianza upande wa pili.

Mwaka 1980 kampuni ya Takara huko Japani ilianza kuuza Diaclone, mashine zilizoendeshwa na vijitu vidogo vya plastiki. Mwaka 1983 ikaleta Micro Change: bastola, kamera na redio kaseti zinazojikunja kuwa roboti. Lile lori jekundu tunaloliita Optimus lilikuwa na dereva ndani. Akili yote ilikuwa ya dereva.

Hasbro ya Marekani ikaviona vichezeo hivyo, ikapata haki ya kuviuza kwao. Shida ikawa moja: havikuwa na hadithi. Wakawaendea watu wa komiki, Marvel. Jim Shooter akaandika msingi wa vita kati ya roboti wema na wabaya, wote wenye akili zao, dereva akatolewa. Dennis O'Neil akatoa jina la Optimus Prime. Majina mengine yalikuwa bado hayajawaridhisha wateja, basi kazi ikamwangukia mhariri aitwaye Bob Budiansky. Kwa siku chache mwishoni mwa 1983 akawapa wengi wao majina na tabia. Megatron ni jina lake. Nani mwoga, nani mwenye majivuno, nani anapenda amani lakini amelazimika kupigana: hayo yote yaliandikwa ili yachapishwe nyuma ya boksi.

Hapo huwa natulia kidogo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu hapo nakula kwa kuandika maelezo ya bidhaa. Blenda, wigi, viatu. Maneno 80, pesa inaingia kwa simu, naendelea na nyingine. Mjomba huniuliza nitaanza lini kuandika vitu vya maana.

Katuni yenyewe ilianza Septemba 1984, na wakati wake haukuwa bahati tu. Mwaka 1969, katuni ya Hot Wheels ilipolalamikiwa kwamba inauza magari ya Mattel, tume ya mawasiliano ya Marekani ilikubali kwamba sehemu yake ni tangazo. Chini ya Reagan upepo ukageuka. Mwaka 1984 tume hiyo ikaondoa mipaka ya muda wa matangazo kwenye televisheni, vipindi vya watoto vikiwemo. Peggy Charren, aliyekuwa ameanzisha shirika la kutetea watazamaji watoto, alipiga kelele kwamba hivi sasa ni matangazo ya nusu saa. Na alikuwa sahihi. Siwezi kumtetea Optimus kwa kujifanya hakuwa akiuza.

Ushahidi ni muvi ya Agosti 1986. Vichezeo vya 1984 vilikuwa vinaondolewa dukani, vipya vinaingia. Kwa hivyo mashujaa wa zamani wakauawa mmoja baada ya mwingine, na Optimus akafa kitandani, wenzake wamemzunguka, rangi ikimtoka mwilini hadi akawa kijivu. Kwa wenye biashara, hiyo ilikuwa kusafisha rafu tu.

Lakini kwenye kumbi za sinema watoto walilia. Barua zikamiminika, wazazi wakalalamika. Waandishi wakashtuka, maana hawakujua kwamba kwa mtoto yule lori alikuwa kama baba. Muvi ya G.I. Joe, ya Hasbro hao hao, ilikuwa imepangiwa kifo cha shujaa wao Duke. Wakaongeza maneno kuwa amepoteza fahamu tu. Na mwanzoni mwa 1987 Optimus akarudishwa hai kwenye katuni.

Ninavyoona mimi, hiyo barua ya mtoto ndiyo sehemu muhimu zaidi ya historia hii. Kampuni ililipia hadithi ili iuze plastiki, na hadithi ikafanya kazi vizuri kupita ilivyoagizwa. Watoto waliamini kila kitu kilichoandikwa nyuma ya boksi. Aliyeyaandika kwa haraka, kwa malipo, aliyaandika vizuri kiasi cha kuaminika. Sijui kama mjomba atakubali, lakini hayo kwangu ni maandishi ya maana.

Optimus wangu sasa yuko kwa mtoto wa dada yangu. Hajawahi kuona ile katuni. Siku ya kwanza aliniuliza ni nani alimkata mkono. Nikafikiria jibu la kweli, kwamba alifika Gikomba hivyo. Halafu nikaketi sakafuni, nikaanza kumsimulia.