Asilimia Tano ya Forodha ya Zanzibar

Sayyid Said bin Sultan alipofunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, alikubali kwamba shehena za wafanyabiashara wa nchi hiyo zitozwe ushuru mmoja tu, asilimia tano ya thamani yake, na masharti ya namna hiyo yakafuata kwa Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Sultani hakuukusanya ushuru huo mwenyewe, kwani forodha ilikodishwa, yaani mfanyabiashara mmoja alimlipa mtawala kiasi walichopatana kwa mwaka, akabeba gharama na hasara zote, na kilichozidi kikawa faida yake. Kwa miongo kadhaa kazi hiyo ilishikwa na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyotoka Kutch. Malipo yake, yaliyokuwa takriban riale 150,000 mwanzoni mwa miaka ya 1830, yalifikia takriban riale 310,000 katikati ya miaka ya 1860, ilhali ushuru wa wageni ulibaki palepale.

Ongezeko hilo lilitokana na wingi wa shehena, kwa kuwa nguo za merikani kutoka Salem zilishushwa na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu zikapakiwa. Hata hivyo, si haki kuupa ushuru mdogo sifa yote: bei ya pembe ilikuwa ikipanda, na karafuu zilichumwa na watumwa, ambao nao walitozwa ushuru kwa kila kichwa, jambo ambalo hesabu yoyote ya mapato ya Zanzibar haistahili kulinyamazia.

Wala asilimia tano haikuwa ya wote. Katika Mrima, pwani ya bara inayoikabili Unguja, pembe zilipimwa kwa frasila, uzito wa karibu kilo 16, na zile zilizoletwa na Wanyamwezi wenyewe zilitozwa zaidi ya zilizoletwa na watu wa pwani, ambao kwa hiyo walipata sababu nzuri ya kuzifuata hadi Tabora na Ujiji.

Dhoruba ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, na biashara ya watumwa baharini ikapigwa marufuku mwaka uliofuata, Sultani Barghash hakuweza kupandisha ushuru wa bidhaa za wageni bila ridhaa ya mataifa yao. Mzigo ukawaelemea wenye mashamba ya karafuu, ambao mwishoni mwa karne walitozwa robo ya mavuno yao, mara tano ya kiwango alichotozwa mgeni mwaka 1833.